Maiti si rehani, na huruma si kazi ya keshia

Agosti 2025, alipozindua kampeni zake Kawe, Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za kwanza za muhula mpya hospitali zote nchini zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni la matibabu. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi, iliamua kwamba hospitali haina haki ya kushikilia mwili wa marehemu kama dhamana ya bili. Wengi walishangilia, na walikuwa na kila sababu. Lakini tangu hapo mazungumzo yamekwama palepale: hawa wanasema hospitali zimekosa utu, wale wanasema hospitali ni taasisi yenye taratibu zake na aliyetibiwa hana budi kulipa. Huruma imewekwa upande mmoja, kanuni upande mwingine, na sisi tunaambiwa tuchague.

Naona wote wamesimama mlango wa mochwari wakibishania jambo lililoharibika wodini. Siku ya kuchukua maiti ni siku ya mwisho ya deni lililokuwa likikua kwa wiki mbili au tatu, huku kila aliyepaswa kulizuia akiliona na kunyamaza. Huruma inayosubiri mpaka hapo imechelewa, na huruma inayotegemea moyo wa mhasibu aliye zamu huishia kwa wanaojuana. Tunachohitaji ni huruma iliyoandikwa ikawa kanuni, yenye viwango, muda na mwenye kuwajibika, na ianze kufanya kazi mgonjwa akiwa bado anapumua.

Kisheria, suala la maiti lenyewe halina utata mkubwa, ndiyo maana sitalikalia sana. Mwaka 1841 huko Uingereza mkuu wa gereza moja alikataa kutoa mwili wa mfungwa aliyefia mikononi mwake mpaka alipwe alichokuwa akidai. Mahakama ya Queen's Bench ikamwamuru autoe. Msingi wake ni kwamba maiti haiwi mali ya mtu, na kisicho mali hakiwekwi rehani. Kenya ilirithi sheria ya kawaida ya Waingereza (common law, ile inayojengwa na maamuzi ya majaji) kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo uamuzi huo ni mkongwe kuliko hospitali zetu zote zinazoubishia. Kwa walio hai, Mahakama Kuu ya Kenya ilisema mwaka 2015, katika shauri la wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mtu wodini kwa ajili ya bili ni kuvunja haki zake za kikatiba. Kama sheria imesema hivyo kwa muda mrefu na maiti bado zinazuiwa, basi kuna kitu kingine kinachoendesha mambo, na hicho ndicho kinachostahili kuchunguzwa.

Tuanze na namna bili inavyozaliwa. Mgonjwa anafikishwa usiku, hajitambui. Familia inaombwa amana, kisha inaletewa karatasi. Ni karatasi moja yenye mistari ya nukta: mimi fulani, ndugu wa mgonjwa fulani, ninakubali kulipa gharama zote za matibabu. Chini kuna sehemu ya jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na sahihi. Mtu anayeijaza saa nane usiku, kalamu ya kuazima mkononi, machozi yakimlengalenga, hajui kwamba ameacha kuwa ndugu wa mgonjwa tu, amekuwa mdhamini wa deni ambalo kiasi chake hakijaandikwa popote. Kuanzia hapo mita inakimbia. Kitanda kwenye chumba cha mahututi kinahesabiwa kwa siku, mashine ya kupumulia na oksijeni zina bei zake, kila kipimo cha damu ni mstari mpya, kila kipindi cha kusafisha damu ni mstari mpya, glovu na mipira ya mkojo nayo imo. Mfumo wa kompyuta unajua deni limefika wapi saa hiyohiyo. Familia haijui. Huelezwa pale amana inapokwisha, au pale mgonjwa anapofariki.

Sasa fuatilia kinachotokea baada ya kifo. Muuguzi anafunga faili. Famasi inatakiwa irudishe kwenye mfumo dawa zilizotolewa na hazikutumika, ili zipunguzwe kwenye bili. Kama kuna bima, inasubiriwa idhini yake ya mwisho. Ndipo mhasibu anapochapa bili kamili, anagonga muhuri wa kuruhusu, na muhuri huo ndio mhudumu wa mochwari anaoutaka kabla hajafungua jokofu. Mnyororo huu una mikono mitano, na ukikatika mahali popote, maiti haitoki. Mtu amefariki alfajiri ya Ijumaa, ndugu wanataka kumzika baada ya swala ya Alasiri, dawa hazijarudishwa kwenye mfumo, dirisha la malipo linafungwa saa kumi, na mhasibu mwenye muhuri anarudi Jumatatu. Hapo hakuna aliyekusudia ukatili. Lakini familia ya Kiislamu, ambayo kuharakisha mazishi kwake ni wajibu, imezuiliwa siku tatu, na mochwari imehesabu siku tatu. Na hiyo ni familia iliyokuwa na pesa ya kulipa.

Kwa isiyo nayo, hesabu inageuka kitu kibaya zaidi. Tuseme bili ni shilingi za Tanzania 4,600,000 na familia imekwisha kulipa 1,500,000 kwa kuuza na kukopa. Limebaki deni la 3,100,000. Tuseme tena mochwari inatoza 25,000 kwa siku. Baada ya siku 60, gharama ya jokofu peke yake imefika 1,500,000. Kila senti waliyoitoa imemezwa, deni limerudi pale lilipoanzia, na hospitali nayo imetumia umeme na nafasi kuhifadhi kitu ambacho haiwezi kukiuza wala kukimiliki. Kanuni za mochwari za umma za Kenya za mwaka 1991 zinataka mwili uondolewe ndani ya siku 10, na baada ya siku 21 mochwari inaweza kuomba kibali cha mahakama cha kuuzika. Ukifika huko, rehani yenyewe imezikwa na deni halijapungua hata shilingi.

Wanaotetea msimamo mkali wana hoja yenye uzito, na haifai kupuuzwa. Hospitali haitibu kwa maneno. Bohari ya Dawa inataka kulipwa, muuzaji wa oksijeni hatoi mtungi kwa ahadi, daktari wa zamu ana watoto wanaodaiwa ada. Hospitali ndogo ya misheni inayosamehe bili tano kubwa kwa mwezi bila mahali pa kuzifidia itakosa nyuzi za kushonea mwezi unaofuata, na mama atakayekuja kupasuliwa ataambiwa akanunue nje. Huruma hiyo haikuwa bure, imelipwa na mgonjwa mwingine asiyejua. Nayo ni kweli kwamba wapo wenye uwezo wanaojificha nyuma ya wanyonge. Mtu ana nyumba ya kupangisha na gari mbili, msiba ukiisha hapokei simu ya hospitali. Anayesema "wasamehe tu" bila kujibu haya amemwachia mwingine kazi ya kufikiri.

Hoja dhaifu ni ile isemayo kwamba maiti ikiachiwa hakuna atakayelipa, kwa hiyo kuzuia ndiyo njia pekee inayofanya kazi. Inafanya kazi, ndiyo, lakini tuangalie inamfanyia nani. Marehemu hawezi kubanwa tena. Deni la marehemu kisheria ni la mirathi yake, na katika fikihi ya Kiislamu mpangilio unajulikana: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mdai halali anapeleka dai lake kwa msimamizi wa mirathi na kulipwa kutoka kwenye mali. Anayezuia maiti anaruka hatua zote hizo na kwenda kuchukua kwa watu wasiodaiwa: jirani anayetuma 5,000 kwenye simu, kikundi cha kusaidiana kinachovunja akiba, mama anayeuza cherehani iliyokuwa ikimlisha. Na tajiri mwenye gari mbili? Huyo alishalipa asubuhi ileile, kwa sababu hakuna familia yenye jina inayokubali aibu hiyo. Kwa hiyo chombo hiki hakimnasi mjanja anayetajwa kila mara kama sababu ya kukiweka. Kinamnasa asiye na kitu, na kinachokusanywa kwake ni kidogo.

Wasimamizi wengi watajibu kwamba huruma ipo, watu husamehewa kila wiki. Ni kweli. Tanzania ina misamaha tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, na wasio na uwezo kabisa kwa utaratibu wa kuchunguzwa. Hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii kwa kazi hiyohiyo. Ila chunguza inavyotumika. Afisa ni mmoja au wawili kwa vitanda mamia. Anataka barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, na mgonjwa ametoka mkoa wa mbali. Hakuna bango wodini linalosema ofisi hiyo ipo. Kwa hiyo anayefika kwake ni yule mwenye shemeji hospitalini, au aliyempata diwani, au ambaye picha yake imesambaa mtandaoni mpaka mkubwa fulani akapiga simu. Nimesema huruma isiyoandikwa huenda kwa wanaojuana, na hili ndilo ninalolimaanisha: mjane wa Kasulu na mjane wa Mbezi wana shida moja, bali mmoja ana namba ya simu ya mtu.

Burundi imelipitia hili mbele yetu. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika mwaka 2006 jinsi hospitali za huko zilivyokuwa zikiwafungia wagonjwa maskini kwa wiki na miezi, wengi wao kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka 5 vitakuwa bure. Tangazo lilikuwa la haki. Lakini wagonjwa walimiminika, dawa zikaisha, na fidia ya serikali kwa hospitali ikachelewa. Ilichukua mpaka 2010 kuunganisha huduma hiyo ya bure na mfumo wa kuzilipa hospitali kulingana na kazi zilizofanya. Tamko linaweza kutolewa kwa siku moja. Njia ya pesa ilihitaji miaka minne, na katika miaka hiyo waliobeba mzigo ni wauguzi na wagonjwa.

Marekani, nchi ambayo bili zake za hospitali zinajulikana kwa kufilisi watu, ina kipande kimoja cha sheria cha kuazima. Tangu marekebisho ya mwaka 2010, hospitali isiyo ya faida inayotaka kuendelea kusamehewa kodi lazima iwe na sera ya maandishi ya kusaidia wasio na uwezo, iitangaze, na isichukue hatua kali za kukusanya deni, kama kushtaki au kuripoti mtu kwa taasisi za mikopo, kabla ya siku 120 tangu bili ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Mgonjwa ana siku 240 za kuomba msaada. Utekelezaji una matobo, wapo wengi wanaostahili na hawaambiwi. Lakini tazama ubadilishanaji wenyewe: serikali inasamehe kodi, hospitali inasamehe maskini, na vyote viwili vimeandikwa.

Kwetu Tanzania serikali ina nguvu kama hiyo na haijaitumia ipasavyo. Hospitali nyingi za mashirika ya dini hufanya kazi kwa mkataba wa huduma na halmashauri, nyingine zikiwa hospitali teule za wilaya, na serikali hulipa mishahara ya baadhi ya watumishi wa hospitali hizo. Masharti ya huruma yangeingia kwenye mikataba hiyo. Kwa hospitali binafsi, yangeingia kwenye masharti ya leseni na ya kulipwa na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023.

Masharti yenyewe si siri. Ndani ya saa 48 za kulazwa, familia ipewe makadirio ya gharama kwa maandishi, na kila siku ya tatu ipewe bili ya mpito, hata kwa ujumbe wa simu. Deni likivuka kiwango kilichowekwa, mfumo wenyewe umwite afisa ustawi wa jamii, asisubiri kutafutwa. Kaya ambayo tayari imo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF isidaiwe barua nyingine ya umaskini, serikali imekwisha kuithibitisha. Uamuzi wa msamaha utolewe na watu watatu, siyo keshia, ndani ya siku 5, na sababu ziandikwe. Karatasi ya mdhamini iwe na kikomo cha kiasi, na isisainiwe usiku wa dharura. Mgonjwa akifariki, mwili utoke kwa hati ya makubaliano, gharama ya mochwari isimame tangu familia ilipoomba mwili, na muhuri uwe na mtu wa zamu Jumamosi na Jumapili kama wodi ilivyo na muuguzi.

Hati ya makubaliano nayo ifanyiwe hesabu ya kweli. Turudi kwenye lile deni la 3,100,000. Familia inayoweza kutenga 50,000 kwa mwezi ingelipa kwa miezi 62, yaani miaka mitano na ushee. Hakuna atakayefika huko. Ikifika mwaka wa pili watakuwa wamebadilisha namba za simu, na mhasibu atasema, mnaona, maskini hawalipi. Msamehe 2,000,000, wabaki na 1,100,000 ya miezi 22, awamu ya kwanza ianze baada ya arobaini, na hospitali ina nafasi nzuri ya kuiona pesa hiyo yote. Hospitali za umma hazina hata kisingizio cha ugumu wa kukusanya, maana kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, inaweza kutengenezwa ikapokea malipo kidogo kidogo. Kilichosamehewa kitoke kwenye fungu lililotengwa, asilimia ndogo ya mapato ya kila mwezi ikijaziwa na serikali, na kionekane kwenye hesabu za mwaka. Hapo ndipo mganga mfawidhi anapoweza kusamehe bila kuiba nyuzi za mama wa upasuaji.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo katazo la maiti litalileta kama halikuandikwa vizuri. Ukikataza kushikilia mwili, zuio litahamia kwenye karatasi. Hospitali itatoa maiti na kubaki na taarifa ya kifo, ile ambayo familia huipeleka kusajili kifo na kupata cheti. RITA, wakala wa serikali wa usajili, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Bila cheti, mahakama ya mwanzo haifungui mirathi, benki haiachii akaunti ya marehemu, na mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, hailipi mafao ya warithi. Nazo ndizo pesa pekee ambazo pengine zingelipa bili. Hospitali inayoshikilia karatasi hiyo inajizuia yenyewe kulipwa, na inawazuia yatima kula. Kwa hiyo kanuni zikiandikwa, maneno "mwili wa marehemu" yafuatwe na mengine: "pamoja na taarifa ya kifo, kibali cha mazishi na nakala ya bili iliyochanganuliwa". Nakala hiyo ya bili ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu msimamizi wa mirathi hawezi kulipa dai asilolijua, na familia haiwezi kupinga siku tatu za mashine ya kupumulia zilizoingizwa mara mbili kama haijawahi kuona mstari wake.